Ziara ya Kioda Kwenda Lipingo

Violet, mke wa Damiano, hakuwa mtu wa kubembeleza watu. Ukimkuta asubuhi uwanjani kwake Lituhi anaanika usipa, vidagaa vya ziwani, umsalimu kwanza, ndipo useme shida yako. Ukianza na shida kabla ya shikamoo atakuuliza kama kwenu mmelala na mbuzi. Lakini mtajie kioda tu, utamwona anaweka ungo chini, anajifuta magamba mikononi na kukaa. Usipa waliwe na kunguru, yeye ana habari nao wapi!

Kioda ni ngoma ya akina mama wa kandokando ya ziwa. Wanavaa nyeupe, wanapanga mistari, kiongozi anapuliza filimbi na mstari mzima unageuka kwa pamoja. Wanaume wana mganda wao, na ukitaka kujua nani anacheza vizuri zaidi, usimwulize Violet kama una haraka. Kwake kioda ndiyo yalikuwa mapumziko ya mwaka. Walimu wana likizo, mapadre wana likizo, hata mbuzi kiangazi anafunguliwa kamba atembee. Mama wa Lituhi je? Alikuwa na kioda.

Kila kiangazi, mpunga ukishavunwa na upepo wa mwera ukianza kuvuma mpaka wavuvi wanakaa nyumbani wamekunja mikono, kundi la Lituhi lilifunga safari kuzuru kijiji kingine cha ufukweni. Walikwenda kwa miguu wakifuata mchanga, ngoma na vyungu kichwani, watoto wamebaki na baba zao. "Wapikieni na ninyi, mjue," Ephrasia aliwaambia wanaume bila haya. Huyo Ephrasia ndiye aliyekuwa kiongozi wa kundi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali majini. Jioni walipiga kambi mchangani, mahali penye mawe makubwa yanayokinga upepo. Walioga ziwani pamoja, wakarushiana maji kama wasichana, mabibi wazima wenye wajukuu. Walichoma samaki wa magege, wakala na ugali wa muhogo, wakawasengenya waume zao mpaka mbavu zikauma. Pale hapakuwa na wa kukuuliza chumvi iko wapi. Violet amezaa watoto watano, amejenga nyumba ya bati, na mara moja amefika Dar es Salaam kwenye harusi. Lakini umwulize ni wapi alifurahi katika maisha yake, atakuambia ni pale kwenye mawe, nywele zimejaa mchanga.

Sasa, kioda kina adabu zake. Ziara hujibiwa kwa ziara: mkija kwetu mwaka huu, mwakani zamu yetu kuja kwenu. Wageni hawaulizwi idadi, maana kuuliza "mko wangapi" ni kama kupima chungu chako mbele ya macho yao. Na wageni wakifika mpakani mwa kijiji wanaingia kwa nyimbo zao wenyewe, tatu, huku wenyeji wamesimama kimya wanawatazama. Mwenyeji akiitikia wimbo wa mgeni ni tusi. Ni kusema hawa hawajiwezi. Zamani wasichana wawili wa Lipingo waliitikia kwa utani. Looh! Ephrasia aligeuza mstari wote, njia moja kurudi Lituhi. Hildegardi, kiongozi wa Lipingo, ikabidi awakimbilie na jogoo mkononi kuomba radhi. Baadaye walicheka sana, ila jogoo aliliwa kwanza.

Mara ya mwisho Lipingo ndio waliokuja Lituhi. Walikuja wengi, wakala, wakacheza siku mbili, wakaondoka wanaimba. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Lituhi kwenda, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Ephrasia akaugua. Leo miguu, kesho tumbo, mwishowe hatoki kitandani. Kiangazi kikapita. Alipoona siku zake zimekaribia alimwita Violet, akamkabidhi filimbi.

"Mdogo wangu, mimi nakwenda," alisema. "Msiniache na ziara ya Lipingo. Hildegardi asije akasema Lituhi tulikula kwake tukanyamaza."

"Alikula kwetu, dada," Violet alimsahihisha, maana hata kwenye kitanda cha mgonjwa hakuacha ubishi wake. "Walikula kwetu wao."

"Ndiyo maana. Wanatungoja."

Violet akaahidi. Utamkataliaje mtu anayekufa?

Mwaka huo hawakucheza, mwenye msiba hachezi. Uliofuata akafa mpiga ngoma. Kisha wakazika wengine wawili kabla mpunga haujakauka. Waliobaki watoto wao walikuja kuwachukua, huyu Mbinga, huyu Songea. Mmoja akaokoka, akasema ngoma ni ya shetani, na huyo Violet hajamsamehe mpaka kesho. Wasichana nao walikuwa wanacheka tu: "Bibi, kutembea mpaka Lipingo na bodaboda zipo?" Kila kiangazi kikija kinakuta matanga. Na katika kila msiba Violet ndiye aliyeongoza nyimbo, macho makavu, kwa sababu akilia yeye nani ataimba?

Mpaka mwaka huu walikuwa wamebaki wawili, yeye na Rosina, jirani yake.

"Tunakwenda hivyohivyo," Violet alimwambia. "Wawili nao ni mstari."

"Mstari mfupi huo, dada," Rosina alisema, akacheka, lakini alikwenda akafua nguo yake nyeupe.

Violet akatuma neno kwa mchuuzi wa samaki: mwambie Hildegardi, Lituhi tunakuja mwanzoni mwa mwezi wa nane. Hakusema ni wangapi, wala hakuulizwa. Angesemaje, na adabu yenyewe inakataza? Na tuseme ukweli, aliona aibu pia. Jina la Lituhi lilikuwa kubwa ufukweni mzima, na yeye hakutaka kulitangaza dogo kwa mdomo wa mchuuzi.

Neno limeshafika, safari imekaribia, ndipo mtoto wa Rosina aliposhuka kutoka Litembo kwa pikipiki. Mkewe amejifungua mapacha na hana wa kumsaidia. Rosina alilia mlangoni kwa Violet, nguo nyeupe bado mkononi.

"Nenda," Violet alimwambia. "Mapacha hawangoji kioda." Alisema kwa ukali, kisha akaingia ndani haraka ili Rosina asimwone.

Damiano alikuwa uani anatengeneza wavu. Alimtazama mkewe anavyofungasha.

"Mama Sixbert, unakwenda na nani?"

"Na kundi."

"Kundi gani? Kundi liko makaburini." Maneno yalimponyoka, akajaribu kuyafunika. "Nasema tuma neno uahirishe. Mwakani Rosina atakuwepo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Baba Sixbert, hapa koleo haijavunjika. Wahunzi ndio wamekufa. Nikiahirisha mwakani utanizika na mimi, na ziara itakuwa haijakwenda."

Damiano aliacha wavu wake akaenda kumtafutia dereva wa bodaboda asiyekunywa pombe.

Njia waliyokuwa wakiitembea na kuilala iliisha kabla jua halijawa kali. Barabara ya pikipiki inapita juu, mbali na mchanga, na yale mawe Violet hakuyaona hata kwa mbali. Moyo ulimuuma sana kwa hilo. Alishuka mpakani mwa Lipingo, akamlipa dereva, akajificha kwenye kichaka na kuvaa nyeupe yake. Alipotoka, wenyeji walikuwa wameshajipanga.

Jamani! Lipingo walikuwa wamejipanga mistari minne. Nyuma yao moshi wa mafiga ulikuwa umetanda, na juu ya mafiga masufuria yale ya harusini. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa, ngozi imetundikwa. Mikeka imetandikwa uwanja mzima kwa ajili ya wageni. Violet alijua watapika, lakini kujua ni kitu kimoja na kuuona huo moshi ni kitu kingine.

Hildegardi alikuwa mbele na fimbo yake, amezeeka, macho yanatazama nyuma ya bega la Violet, barabarani, yanangoja wengine watokeze. Wanawake wote wakatazama hukohuko. Barabara ilikuwa tupu.

"Wenzenu wako nyuma, mama?" aliuliza mwanamke kijana wa mstari wa kwanza.

"Beata, nyamaza!" Hildegardi alimkemea. "Nani amekufundisha kuhesabu wageni?"

Violet akaweka filimbi mdomoni, akapuliza, akaanza wimbo wa kwanza. Kiongozi anaita mstari mmoja, kundi linaitikia, na yeye aliita: *Tumefika wenye nyumba, tumefika.* Kisha akanyamaza mahali pa kuitikia, akawa anakanyaga mguu palepale, akiwapa wenzake muda wao kamili. Ephrasia alikuwa anaitikia kwa sauti ya juu hapo, na mpiga ngoma alikuwa anachelewesha kidogo. Violet aliwasikia wote. Akapuliza filimbi, akageuka peke yake kama mstari unavyogeuka, akaita tena.

Wimbo wa pili sauti ilianza kukwaruza. Alipofika mahali pa kuitikia, Beata, ambaye machozi yalikuwa yanamtiririka, alishindwa kuvumilia. Alifungua mdomo amsaidie. Hildegardi akainua fimbo, akamzuia nayo kifuani bila hata kumtazama. Beata akafumba mdomo.

Violet aliuona ule mkono. Kwa nukta moja alimchukia Hildegardi, kwa nini asimwonee huruma? Halafu akaelewa, na kuelewa kulimuuma zaidi. Wakiitikia tu, wamesema Lituhi haipo. Kama wanakaa kimya, basi Lituhi imesimama hapa barabarani, kundi zima, inaimba. Akavuta pumzi, akamalizia wimbo wa pili, akaingia wa tatu, akaucheza mpaka mwisho bila kukata hata mzunguko mmoja.

Hildegardi ndipo akapuliza filimbi yake.

"Karibuni Lituhi," alisema kwa nguvu. "Karibuni wote."

Wakamkalisha kwenye mikeka ile mingi, wakamletea nyama ya mgeni na maji ya kunawa. Hakuna aliyeuliza chochote. Alikula kidogo kila sahani ili isisemwe Lituhi wamekataa chakula. Mchana walicheza Lipingo, walicheza vizuri mno, na Violet alipiga makofi kwa moyo wote ingawa ulikuwa umejaa wivu. Walikuwa na wasichana! Walikuwa na mpiga ngoma wa miaka ishirini na kitu, mgongo umenyooka. Jioni Hildegardi alimsindikiza kwenda kuoga ziwani. Wakaingia majini wawili tu, mabibi, mwera unapuliza baridi, na walioga bila kurushiana maji.

Asubuhi ilikuwa ya kuagana. Na katika kuagana kuna swali moja ambalo halikwepeki. Mwenyeji anamwuliza mgeni mbele ya watu wote, na mgeni anajibu mbele ya watu wote, na jibu likishatoka limefunga vijiji viwili.

Mistari ikapangwa. Hildegardi akasogea mbele, akauliza kama inavyoulizwa siku zote: "Lituhi, mmetutembelea, tumeshukuru. Na sisi tuje kwenu lini?"

Violet alikuwa amelala na swali hilo. Angeweza kusema mwakani, baada ya mpunga. Damiano angepata mbuzi, majirani wangemwazima masufuria. Lakini nani atasimama mpakani kuwapokea? Lipingo waje na mistari yao minne, waimbe nyimbo tatu, mbele yao amesimama bibi mmoja? Na kama huyo bibi naye atakuwa amekufa, waimbe mbele ya barabara tupu? Wasichana hawa watembee mchanga wote huo, walale kwenye mawe, wafurahi, halafu wafike?

"Msije," alisema.

Minong'ono ikapita kwenye mistari. Hildegardi alimsogelea kama asiyesikia vizuri.

"Unasemaje, mwenzangu?"

"Msije, dada yangu. Hakuna wa kuwapokea. Tumekuja wote tulio hai, na ziara tuliyokuwa tumeahidi tumeileta. Zamu hii isijibiwe." Sauti haikutetemeka. "Kioda cha Lituhi kimekwisha."

Adabu ya kioda haikuwa na neno kwa jambo kama hilo. Hildegardi aliiangalia barabara, akaangalia wanawake wake. Kisha akaiweka fimbo chini. Akafungua kitambaa kichwani, akajishusha polepole na magoti yake mabovu, akakaa chini vumbini katikati ya njia, miguu ameinyoosha, jinsi mwanamke anavyokaa mahali penye maiti.

"Kaeni," aliwaambia wenzake. "Hawa ni watu wetu wamefiwa. Tutawaagaje wamesimama?"

Mistari minne ikavunjika. Wanawake wakavua vitambaa, wakakaa chini mmoja baada ya mwingine, na Beata na wale wasichana ambao hawakumjua Ephrasia hata kwa sura wakaanza kulia nao. Hildegardi ndiye aliyeongoza wimbo wa msiba. Violet alifungua mdomo aupokee, kama alivyozoea miaka yote.

"Leo si kazi yako," Hildegardi alimwambia, akamvuta mkono. "Leo wewe ndiye mfiwa."

Violet akakaa chini kati yao na nguo yake nyeupe, akalia kwa sauti, na wengine wakamwimbia.