Tulipopeleka Mbio Kambini

Mtaani kwetu, nje kidogo ya mji wa Eldoret kwenye barabara ya kwenda Kapseret, kulikuwa na nyumba moja tu ambapo watu walitazama mbio za magari kila Jumapili, na mwenye nyumba hiyo alikuwa mwanamke. Alikuwa jirani yetu wa karibu kabisa. Kilichotutenganisha ni ua wa michongoma. Mumewe alipofariki alimwachia lori la kubeba mahindi. Shemeji zake walimshauri aliuze. Yeye akaenda kusomea udereva, akarudi na leseni, akaanza kuliendesha mwenyewe.

Kwao ni Nyeri. Sisi, yaani mimi na mama yangu, tulitoka upande wa ziwa. Mama aliletwa Eldoret na kazi ya kiwanda cha nguo, na mimi nilikuwa nashona yunifomu za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yetu.

Siku ya kwanza nilikuwa nimempelekea sketi aliyonipa nimrekebishie. Nilikuta mlango uko wazi na ndani kuna mngurumo kama wa mzinga wa nyuki uliopigwa teke.

"Ingia ama utoke," aliniambia bila kugeuka. "Usisimame hapo kwa mlango. Wanaanza."

Kwenye televisheni taa nyekundu ziliwaka moja baada ya nyingine mpaka zikafika tano. Zikazimika zote mara moja, na magari yakachomoka. Sikuelewa hata kitu kimoja. Nilibaki mpaka mwisho, na Jumapili iliyofuata nikarudi bila sketi.

Alinifundisha kutazama. "Kukanyaga mafuta hata mbuzi anaweza," alisema. "Wewe angalia breki. Dereva utamjua akifika kwa kona." Gari lilipoingia pit, kituo chao cha kando ya njia, na mafundi wakabadilisha magurudumu manne kabla sijamaliza kupumua, alicheka kwa uchungu. Yeye aliwahi kubadilisha gurudumu moja la lori peke yake kwenye matope ya Moiben, na kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima.

Watu walisema, kama kawaida. Wanaume wa hoteli ya pale stejini, kituo cha matatu, ambao kwao televisheni ilikuwa ya mpira tu, walituita wanawake wasio na kazi. Mama yangu naye alikuwa na lake: Jumapili ni ya Bwana. Nikirudi jioni nilimkuta jikoni, nikamsimulia nani ameshinda, nani amepasua gurudumu, nani amegonga ukuta.

"Mimi sitaki kusikia hayo mambo yako," alisema huku akikoroga mboga.

Niliendelea kusimulia vivyo hivyo. Nilisimulia kwa miaka.

Kisha ukaja ule uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007. Matokeo yalitangazwa jioni, na kabla ya giza kuingia moshi ulikuwa umeshapanda upande wa mji. Kesho yake vijana walipita mtaani wakiuliza nyumba za watu wa upande wa Nyeri, ingawa wengi wao walizijua tangu utotoni. Jirani yetu alipenya kwenye ua wa michongoma akiwa na begi moja na mikono iliyochanika. Tulimficha chumbani kwa mama siku mbili. Siku ya tatu lori la polisi lilipita likichukua watu kuwapeleka kambini, kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo. Alipanda. Kabla ya kupanda alinishika mkono.

"Kama utaweza, toa televisheni na dishi. Hivyo vingine waachie."

Mchana ule ule nilipita uani, nikaibeba televisheni kifuani kama mtoto mgonjwa. Nilirudi nikakwea ngazi, nikafungua dishi kwa spana yake mwenyewe. Niliogopa, lakini haikuwa woga peke yake. Nilikuwa na hasira. Yule mwanamke alikuwa amebeba mahindi ya mtaa huu mzima, ya wale vijana na ya baba zao, na sasa alikuwa amelala chini kwenye uwanja.

Waliichoma nyumba yake saa kumi jioni. Lori lilichomwa pale pale lilipoegeshwa, na magurudumu yake yalitoa moshi mweusi mpaka asubuhi.

Siku mbili baadaye walikuja kwetu. Walikuwa wanne, na aliyewaongoza alikuwa kijana niliyemshonea yunifomu yake ya kwanza ya shule ya upili. Alisimama sebuleni akaiangalia televisheni.

"Hii ni ya nani?"

Nilifungua mdomo, lakini mama akanitangulia. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, kitambaa cha kanisa kichwani.

"Yangu."

"Mama, tunajua nyinyi hamkuwa na TV kubwa hivi. Mnaficha vitu vya wale watu."

"Nimesema ni yangu. Naangalia mbio za magari."

Vijana walicheka. Yule kiongozi alisogea akachuchumaa mbele yake, na nikaona ana panga amelishika nyuma ya mguu.

"Wewe mama wa kanisa? Mbio za magari? Haya, nifundishe basi. Zinaanza aje?"

Mama yangu hakuwahi kutazama mbio hata dakika moja. Alimkazia macho yule kijana.

"Kuna taa tano, nyekundu. Zinawaka moja moja. Zikizimika zote, wanaenda. Ukienda kabla hazijazima, unaadhibiwa. Wakichoka magurudumu wanaingia pit, wanabadilishiwa yote manne, wanaongezewa mafuta. Kukinyesha wanavaa magurudumu mengine ya mvua. Mtu akianguka vibaya inatoka gari ya usalama, wote wanaifuata polepole, hakuna kupita mwenzako. Na kukanyaga mafuta hata mbuzi anaweza. Dereva anajulikana kwa breki. Unataka nikuambie na yule mwenye gari jekundu ameshinda mara ngapi?"

Mmoja wa wale vijana akamwambia kiongozi wao, "Buda, huyu anajua." Kiongozi aliinuka, akatutazama mmoja mmoja, akatoka. Wenzake walimfuata.

Mama alikaa vile vile mpaka tuliposikia lango likifungwa. Kisha akaniambia nimletee maji.

Nilimtembelea jirani yetu kambini kila nilipopata nafasi. Nilimkuta siku zote amelala ubavu ndani ya hema, uso umeelekea kitambaa. Walimpa uji, haukunyweka. Walimwita kwenye foleni ya maharagwe, hakwenda. Nilipomsimulia jinsi mama alivyojibu mbele ya panga, alitabasamu kidogo, kisha akafunga macho tena. Wakubwa wa Nairobi walipopeana mikono na redio ikasema sasa ni amani, alisema neno moja tu: "Sawa."

Mwezi wa tatu ulipofika nikakumbuka msimu wa mbio unaanza. Mbio za kwanza zilikuwa Australia, na kwao zinapokuwa mchana, kwetu ni saa moja na nusu asubuhi. Nilikwenda kwa mzee mmoja Msomali mjini aliyeuza vifaa vya ujenzi. Jirani yetu alikuwa amembebea saruji miaka mingi. Nilimweleza kwamba jirani hataki kula, na kwamba nataka kumpelekea mbio kule kambini. Nilidhani ataniona nimerukwa na akili.

"Yeye halali njaa kwa kukosa chakula," alisema mzee. "Analala njaa kwa kukosa lori. Chukua jenereta. Mimi mwenyewe nitaleta na pikapu."

Jumapili hiyo tulifika langoni saa kumi na mbili na nusu: mimi, yule mzee, televisheni ndani ya blanketi, dishi, na mama yangu aliyekosa ibada ya kwanza kwa mara ya kwanza maishani. Msimamizi wa kambi, kijana mwenye kadi shingoni, alitusimamisha.

"Hapana. Hii ni kambi, si baa. Watu wamefiwa hapa."

Nilimwomba. Yule mzee akamwomba kwa heshima zote. Alikataa. Ndipo niliposikia nyuma yake ile sauti ya kufoka ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya uchaguzi.

"Wewe kijana." Jirani yetu alikuwa amesimama amejifunga leso, miguu mitupu. Nadhani alikuwa amesikia pikapu. "Umeniandika orodha ya blanketi. Umeniandika orodha ya maharagwe na ya sabuni. Kuna orodha ya watu wasioruhusiwa kuangalia mbio? Nionyeshe jina langu."

"Mama, si hivyo..."

"Mimi nimefiwa na mume, na nyumba, na lori. Wewe utaniambia nilie saa ngapi? Fungua hiyo geti."

Akaifungua.

Dishi tuliliweka juu ya banda ambalo zamani lilikuwa la kuonyeshea ng'ombe wa maziwa. Yeye mwenyewe alipanda akalielekeza, huku mimi nikipiga kelele kutoka chini: "Rudi! Kidogo! Hapo hapo!" Picha ilipokuja, watu walikuwa wameshaanza kukusanyika. Wengi hawakuwahi kuona mbio maishani mwao. Taa tano zikawaka, zikazimika.

Siku hiyo kulikuwa na joto kali huko Australia na magari yalianguka kama nzi. Yaligongana kwenye kona ya kwanza. Mengine yalifuka moshi, mengine yalisimama tu kando ya njia kama punda aliyegoma. Kila moja lilipotoka, kambi nzima ilipiga yowe. Kufika mwisho yalibaki machache mno, na watu wakaanza kushangilia yale ya nyuma kabisa, yaliyokuwa yakijikokota. Bibi mmoja aliyepoteza kila kitu alikuwa amesimama juu ya ndoo akipiga kelele, "Maliza! Maliza hata wewe!"

Jirani yetu alikuwa mbele kabisa, akifoka kama zamani. "Breki! Mjinga huyu! Breki!" Mtu alimpa kikombe cha uji akakinywa chote bila kuondoa macho kwenye skrini. Mama yangu alikiona. Alinigusa goti akaonyesha kile kikombe kwa kidevu.

Walipofunga kambi, kila mtu alimshauri aende kwao Nyeri. Ndugu zake walipiga simu, chifu alisema ni busara, hata watu wa kanisa walimwambia Mungu yuko kila mahali.

"Nyeri nilizaliwa," aliwajibu wote. "Nyumbani ni Kapseret. Anayetaka nihame aje aniambie mchana, akiwa peke yake, na jina lake."

Hakuna aliyekuja. Alijenga chumba kimoja cha mabati juu ya msingi ule ule ulioungua, akaajiriwa kuendesha lori la yule mzee. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya mahindi kwenda Nakuru, kupitia Cheptiret, ambako miezi michache kabla barabara ilikuwa imefungwa kwa mawe, watu wa kwao wakishushwa kwenye magari. Alipofika hapo alisimamisha lori, akashuka, akanunua mahindi ya kuchoma, akayala akiwa ameegemea bampa. Ndipo akaendelea. Aliniambia hayakuwa matamu.

Televisheni ilirudi kwake, na Jumapili ya kwanza mama yangu alitoka kanisani akapitiliza nyumba yetu, akaenda kuketi kwa jirani.

"Mama, unafanya nini hapa?" nilimuuliza.

"Nilisema kwa kinywa changu kwamba naangalia mbio. Sitakufa nikiwa mwongo."

Alitazama kila Jumapili mpaka alipofariki, miaka tisa. Alimchagua dereva mmoja aliyekuwa akishika nafasi za nyuma na alimwombea kwa jina, hasa mvua ikinyesha.

Yule kijana wa panga bado yuko. Ana bodaboda, anaegesha karibu na soko. Watu husema tusahau. Sijamsalimia hadi leo, na akinipigia honi kuniuliza kama nataka kubebwa, natembea.

Siku hizi mbio tunaziona kwa simu. Dishi lilikula kutu, kisha mbio zenyewe zikahamahama kutoka chaneli hii kwenda ile, mpaka nikachoka, nikajifunza kununua bando na kuzitazama mtandaoni. Zinakatika. Gari linaingia kwenye kona, picha inaganda, ikirudi gari limeshapita kona tatu. Jirani yangu macho yake yameharibiwa na presha. Anaona mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo mimi ndiye ninayesimulia. Hapendi ninavyosimulia.

"Usinipambie," huniambia. "Sema yuko wapi na amefunga breki wapi."

Hata mngurumo haupendi. Anasema injini za siku hizi zinalia kama posho mill ya kusaga mahindi yenye mkanda uliolegea.

Kabla ya uchaguzi mmoja wa majuzi, mpwa wake alikuja na gari kutoka Nyeri kumchukua. Ilikuwa Jumapili. Alisema ni kwa muda tu, mpaka mambo yatulie, wengi wanafanya hivyo. Alikuwa ameshaanza kumtolea nguo kabatini.

"Rudisha hizo nguo," jirani yangu alisema.

"Lakini shangazi, kukitokea kitu? Huoni hata njia."

"Nilipokuwa naona walinichomea. Sasa sioni, na bado niko. Rudisha. Na ukimaliza ukae chini ama uende, unazuia network."

Mpwa alinitazama akiomba nimsaidie. Nilimvutia kiti. Saa kumi ilikuwa inakaribia, na niliinua simu juu dirishani kutafuta mawimbi. Magari yalikuwa yamejipanga.

"Taa ngapi?" aliniuliza.

"Tatu," nikasema. "Nne."