Ati Amezoea Mbu

Nilimlaza binti yangu juu ya meza ya sista wa hospitali, juu ya daftari na kadi za watu, nikamwambia sista, "Sasa andikia hapo."

Tangu asubuhi tulikuwa benchi moja na wifi yangu, dada ya mume wangu aliyeolewa Kitale. Alikuwa amekuja kwetu Bungoma likizo na kijana wake, rika la binti yangu. Homa iliwashika wote siku moja: vipele, viungo kuuma, hata kukanyaga chini hawataki. Wa Kitale alikuwa analala kwenye neti ya mama mkwe. Wangu neti hiyo aliiona tu ikifuliwa. Hata kuja hospitali, kijana alibebwa na nyanya yake. Wangu nilimbeba mwenyewe.

Sista akamwita yule kwanza. "Huyu ametoka kwenye baridi, damu yake haijui mbu. Wako ni wa hapa, mama. Amezoea."

"Si ni kweli," mama mkwe akadakia. "Hawa wetu ni ngumu bana."

Wetu! Siku ya neti hakuwa wenu.

Binti yangu alitapika mara tatu. Akawa analia, machozi hayatoki. Kijana alirudi na dawa, akapewa ndizi. Niliionea wivu hata ile ndizi. Kisha sista akamwita kijana tena, ati apimwe joto. Hapo ndipo nilipofika kwenye meza.

Makelele yalimtoa daktari. Aliwapima watoto wote wawili malaria, vipimo havikuonyesha kitu. Alishuku kirusi kingine cha mbu.

"Mwili hukumbuka adui yule yule uliyepigana naye," alisema. "Kinga ya malaria haishiki kirusi hiki. Hapa wote wawili ni wageni. Hiyo homa ni mwili unapigana, na kingamwili zake huchukua siku kadhaa kutengenezwa."

"Dawa je?"

"Ya kukiua hakuna. Kazi yetu ni asikaukiwe maji akipigana."

"Na amekaukiwa. Kwenye benchi yenu."

Daktari alitafuta mshipa, akamwekea dripu.

Wifi aliniuliza polepole, "Kwani ulitaka wangu azidiwe?"

Kwa dakika moja nilitaka. Sitadanganya.

Kesho yake binti alipokojoa vizuri, niliomba karatasi, nikamwandikia msimamizi wa hospitali:

"Nalalamika kwamba jana mwanangu aliachwa akitapika kwa sababu sista alisema watoto wa Bungoma wamezoea mbu. Daktari wenu amesema si hivyo. Naomba watoto waitwe kulingana na ugonjwa, si kwao ni wapi. Nangoja jibu la maandishi."