Amri Iliyofuta Msamaha wa Afande

Mbale siendi tena, na mkinitafutia kazi huko nitasingizia tumbo, lakini kwa kuwa leo tuko wenyewe nitasema ukweli: ni aibu. Mimi Mkenya wa Busia, napiga video hapa Jinja, na ugonjwa wangu ulikuwa mmoja, kujiona fundi wa kompyuta kuliko wenzangu wote.

Kulikuwa na mzee wa Kimaka, hapahapa Jinja, ila ukoo wake uko Mbale, Afande Opolot, mwanajeshi mstaafu, kansa ilikuwa imemmaliza akabaki macho na sauti. Zamani alimlaani mwanawe Simon mbele ya ukoo, akaapa kwamba mtoto huyo hatatia udongo kaburini mwake. Sasa alitaka kuiondoa laana, ila Simon alikuwa mbali, Juba, na msamaha wa kwenye simu ukoo usingeutambua, kwa hiyo akaniita nimrekodi, watu wamwone na kumsikia siku ya mazishi.

"Wewe chunga hii kitu, bwana," aliniambia.

"Usijali, afande," nikamjibu (mdomo huu!).

Sasa sikieni ujinga wangu. Video zetu zote zilikaa kwenye hifadhi ya pamoja mtandaoni, mimi naifungua Jinja, mwenzangu Wafula anaifungua Mbale, kwenye kaofisi ketu kule Industrial, eneo la viwanda. Wafula alikuwa akibofya faili moja moja, mimi nikaona huo ni ushamba, nikajiandikia programu fupi ya Python, natia amri ya mstari mmoja kwenye dirisha jeusi na faili zinapanda au kufutika zenyewe. Video ya afande ilipopanda nikafuta memori kadi palepale (ya nini tena, na mambo yako salama huko juu?).

Afande akafa. Asubuhi ya mazishi Wafula akanipigia kwamba hifadhi imejaa, nipunguze nikipata nafasi. Ningeweza kungoja jioni, lakini ufundi ulikuwa unaniwasha, nikaiamuru programu ifute folda nzima ya majaribio bila kuangalia kwamba tangu jana yake nilikuwa nimeielekeza kwenye folda ya misiba. Haikuniuliza kama nina hakika, kwa sababu niliiandika mwenyewe isiulize, maswali yalikuwa yananichosha. Nikafunga laptopu, nikavaa suti, nikaenda Mbale.

Turubai lilijaa. Simon, aliyefika kutoka Juba, alisimama peke yake kando ya ua, mbali na ndugu zake, akingoja. Nikawasha projekta, shuka nyeupe ikawaka mbele ya watu wote, nikafungua folda. Tupu. Nikadhani ni mtandao, nikampigia Wafula aangalie kwake.

"Kwangu pia hakuna," akasema. "Si ni folda moja, ndugu yangu?"

Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika amri ya kuorodhesha faili, nikaiandika tena, na tena, na shukani watu wakawa wanaona weusi tu.

"Hii kitu nyeusi ndio Opolot?" akauliza mdogo wa marehemu, sajini mstaafu.

Nikachukua maiki, nikaapa kwamba nilimsikia afande kwa masikio yangu, amemsamehe mtoto wake.

"Laana sisi nasikia na masikio yetu," sajini akasema taratibu. "Msamaha iko wapi? Wewe Mkenya sisi hapana jua. Huyu kijana nanunua wewe."

Wote wakatia udongo, hadi majirani. Simon hakuruhusiwa kulisogelea kaburi. Mimi nilikuwa nakunja nyaya, naomba ardhi inimeze na mimi.

Baadaye Simon akanifuata nyuma ya turubai. Nilijua atanipiga, na laiti angenipiga.

"Bwana, niambie tu vile mzee alisema. Maneno yake yenyewe."

Nikafungua mdomo. Siku ile ya kumrekodi, jamani, nilikuwa nikitazama mwanga na betri. "Alisema... amekusamehe."

"Hiyo umesema kwa maiki," akajibu. "Mimi nauliza maneno yake."

Sikuwa nayo. Akaenda zake.

Siku hizi sifuti kitu, kadi zimejaa kwenye makopo nyumbani hadi mke wangu analalamika. Na mtu akizungumza mbele ya kamera yangu, betri iishe, mwanga upotee, mimi kwanza namsikiliza.