Kofia ya Wasiotulia

Mniwie radhi, kisa hiki nitakisimulia vibaya, maana hata kilipotokea nilikivuruga mwenyewe.

Katika kliniki moja hapa Songea, dada mhandisi alikuwa anajaribu kofia aliyoibuni ya kupiga picha ubongo. Alimvalisha binti mdogo mwenye kifafa.

“Huyu hatulii hata kidogo, na basi la Mpitimbi linaondoka,” mama yake alilalamika, akikunjakunja ncha ya kitenge.

“Usihofu, mama. Nimeitengeneza kwa wasiotulia. Mwache acheze.”

Mtoto akarukaruka, picha zikaja safi. Nami, nikisubiri zamu yangu huku benchi likinichoma, nikamwigiza daktari anayesinzia akipima presha. Mtoto akacheka mpaka kofia ikamshukia puani. Picha zikapotea, na basi likapiga honi.

“Mzee, shikamoo,” mhandisi akaniambia, kidole kikielekea mlangoni. “Tupishe.”

Nikatoka. Wakamaliza, na basi wakaliwahi.

Watoto wasiotulia wamebuniwa kofia. Wazee wasiotulia, kama mimi, tumeonyeshwa mlango.