Virpi na Chumvi ya Matairi

Walimwita Mama Kangaruu. Mbele yake walisema Virpi, dada Virpi, jirani. Akigeuza mgongo tu, Mama Kangaruu.

Msiniulize kangaruu amefikaje Kainuu, huku kaskazini kwenye misonobari na theluji hadi kiunoni. Aliletwa na trekta. Msimu ule wa vuli, msumari wa banda la zamani ulitoboa tairi la nyuma, na maji ya chumvi aliyoyajaza marehemu baba yake yakamwagika yote. Trekta bila yale maji ni jepesi kama mbuzi, matairi yanazunguka tu hayashiki ardhi. Virpi akaziba tundu, akaunga mpira wa bustani, akajaza maji matupu ya kisimani. Ya muda tu, alijiambia. Nyie mnaojua "ya muda tu" mshaanza kucheka.

Akasahau. Baridi ikaja kwa ghafla, maji yakaganda bonge upande mmoja wa lile tairi, na asubuhi Virpi akapita mbele ya duka la kijiji akiwa juu ya trekta linaloruka. Tu-dum! Tu-dum! Kofia imemfunika macho, meno yanagongana. Na pale dukani, kwenye meza ya dirishani, kijiji kizima kilikuwa kinakunywa kahawa.

"Jamani, njooni muone kangaruu!" akapiga kelele Jouko, shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Kahawa ikamtoka puani. Jina likaganda siku hiyohiyo, tena kuliko yale maji.

Virpi angevumilia jina. Kilichomuuma ni barabara. Barabara ya kwao si ya serikali. Ni ya wenye nyumba walioko kandokando yake, na kila masika, theluji ikiyeyuka, wanakaa kikao, wanakula mikate ya iliki, wanapiga kura nani atasukuma theluji majira ya baridi yajayo. Baba yake aliifanya kazi hiyo mpaka mwisho wa maisha yake. Alipofariki wakampa Virpi, kwa heshima ya mzee. Yeye hakuna kitu alichokipenda kama hicho. Kuamka kijiji kimezama kwenye weupe, kuwasha taa za trekta, kufungua njia nyumba hadi nyumba, na watu wanapunga mkono dirishani wakiwa bado na nguo za kulalia. Alifiwa na mume, akafiwa na baba, lakini barabara ilikuwa bado yake.

Sasa kwenye kikao kilichofuata kuna aliyeuliza, kwa upole ule wa kuchoma, kama msimu ujao "wangepata usafiri wa kawaida." Watu wakacheka. Wakampa tena, ila mikono ilinyanyuka kwa uvivu. Virpi aliiona. Akikosea mara nyingine, kwisha.

Kwa hiyo vuli iliyofuata alikuwa haongei kingine ila matairi. Aweke nini?

"Chukua kulanti kwangu," Jouko alimwambia. Alikuwa na karakana, na mapipa ya kulanti iliyotumika, ile dawa ya kupozea injini, yalikuwa yanamzibia mlango. "Bure kabisa, shemeji. Haigandi ng'o."

"Sumu hiyo, Jouko. Tamu kama juisi. Tairi likivuja, mbwa wangu ataramba afe. Na kisima kiko nyuma ya banda."

"Basi weka maji ya kuoshea vioo vya gari."

"Yale ya dukani yanavumilia ishirini chini ya sifuri. Huku ishirini watu wanavua kofia."

"Kuna juisi ya viazisukari. Wamarekani wanaweka hiyo."

"Utanikamulia wewe?"

"Mimi nitakukamulia uvumilivu," Jouko akasema. "Shemeji, funga minyororo kwenye matairi kama mimi, ulale usingizi."

Minyororo inachimba barabara, Virpi akamjibu, na baba hakuwahi kuifunga. Hapo ndipo penyewe. Baba hakuwahi.

Akaamua chumvi, kama mzee. Si ya mezani, ile ya magunia, ambayo kiangazi wanaimwaga barabarani ili vumbi lisinyanyuke. Banda la barabara lilikuwa na magunia yaliyobaki, na wenzake wakamwambia achukue. Inakula chuma cha rimu, ndiyo, lakini Virpi alishanunua tyubu mpya za kuikalisha chumvi isiguse rimu. Alifikiria kila kitu, dada wa watu.

Akamimina chumvi ndani ya maji kidogokidogo, maana chumvi hii ikikutana na maji inachemka yenyewe. Pipa likatoa mvuke kama sauna. Kipimo alikuwa nacho kichwani tangu utotoni. Akafika kwenye kipimo, akasimama, koleo mkononi.

Akaliona lile dirisha la duka. Akaisikia ile tu-dum.

Akaongeza. Kidogo tu, kwa usalama. Halafu na kidogo tena, kwa usalama wa ule usalama. Ukishachekwa na kijiji kizima, kipimo cha kawaida hakikutoshi tena.

Yaani hapo ningekuwepo ningemshika mkono. Chumvi hii ina tabia yake. Ikipungua, maji yanaganda. Ikizidi, chumvi yenyewe inaanza kuganda, inashuka chini na kushikana kama sukari iliyolowa. Katikati ndipo inapovumilia baridi kuliko yote. Baba yake aliijua hiyo katikati. Hakuwahi kuongeza, kwa hiyo hakuwahi kueleza kwa nini haongezi.

Mpaka Krismasi mambo yalikuwa shwari. Trekta limetulia, linashika, halirushi hata kikombe. Watu walianza kunyanyua mkono vizuri dirishani. Virpi akaanza hata kupiga mluzi.

Januari theluji ikaanguka mfululizo, kisha mbingu ikasafika na baridi ikashuka kupita thelathini. Pua inashikana ukivuta pumzi. Virpi akatoa trekta bandani asubuhi, na kabla hajafika getini akaisikia chini yake.

Tu-dum.

"Hapana," akasema kwa sauti. "Hapana, hapana, wewe!"

Tu-dum.

Akajipa moyo kwamba yatalainika yakizunguka. Akasukuma theluji ya tambarare polepole, trekta likiyumba kama limelewa. Ndipo simu ikaita. Bibi Lempi, wa nyumba ya mwisho, juu ya kilima.

"Virpi, mwanangu, uko wapi?"

"Nakuja, Bibi. Leo nachelewa kidogo."

"Kifua kinanibana. Mkono nao. Nimeshawapigia, gari la wagonjwa linatoka mjini." Akahema. "Kilima bado hakijasafishwa, eti?"

"Kaa chini, Bibi. Kaa, usitembee."

Alikishambulia kilima kwa nguvu zote. Nusu ya njia matairi ya nyuma yakaruka, yakatua pembeni, na trekta zima likaanza kuteleza ubavu kuelekea mtaroni. Likasimama ukingoni. Virpi alishika usukani hata vidole havikuhisi. Mlango ulikuwa unaning'inia juu ya mtaro. Akiingia humo, mkia wa trekta utaziba barabara yote, na hata ndege asingefika kwa Lempi.

Alijua nani ana trekta zito lenye minyororo, ng'ambo ya ziwa. Alijua pia kwamba akimpigia, kikao cha masika kimeshakwisha leo.

Nawaambia ukweli, alikaa kidogo. Alikaa akiitazama simu huku mtu anabanwa kifua kule juu kilimani. Hilo ndilo linalomwamsha mpaka leo, kuliko yote.

Kisha akapiga.

"Jouko. Njoo na trekta. Kilima cha Lempi."

"Kangaruu amerudi?"

"Amerudi. Lempi anaumwa moyo."

Hakukuwa na utani tena upande wa pili, ni kiti tu kilichoanguka. Virpi akarudi nyuma taratibu, akalitoa trekta lake kwenye njia, akasimama kwenye theluji. Jouko akampita bila kupunguza mwendo, minyororo ikilia kama kengele za kanisa. Alipomaliza kilima, taa za buluu za gari la wagonjwa zilikuwa zinakata kona ya ziwa. Lempi akateremshwa amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Akainua vidole viwili kumsalimia Virpi. Virpi hakuweza kuinua vyake.

Jouko alipokuwa anarudi alifungua mlango. "Ungeng'ang'ania, shemeji, saa hizi tungekuwa tunakutoa mtaroni," akasema. "Nenda kaote moto."

Lempi alipona. Masika alikuja kikaoni kwa miguu yake, akala mikate miwili. Walipouliza nani anataka barabara apewe Jouko, mkono wa Lempi ulikuwa wa kwanza kunyanyuka. Wengine wakafuata, macho yameinamia vikombe.

Nje, kwenye matope ya theluji inayoyeyuka, Lempi akamshika Virpi kiwiko.

"Usinichukie, mwanangu. Nakupenda. Lakini mimi nalala kule juu peke yangu."

"Najua, Bibi."

"Ningekuwa nimekufa, sina haraka tena, ningekupigia wewe."

Virpi akacheka, maana ilichekesha. Alipofika kwenye gari akakaa muda bila kuwasha.

Chumvi ya matairi keshaipunguza. Trekta halirushi tena, linabeba kuni zake tu. Theluji ikianguka bado anaamka yeye kwanza, anachemsha kahawa, anasimama dirishani. Taa za Jouko zinapanda kilima, zinafika kwa Lempi, zinageuka. Hapo ndipo anapokaa chini.

Nyie je? Nani hapa aliwahi kupokonywa kazi aliyoipenda, na ndani ya roho akajua hata yeye angeinua mkono? Tuandikieni hapo chini. Majina ya utani mliyopewa nayo yaleteni, msituachie Virpi peke yake.