Muuza magari aliyeigusa oda ya Mzee Gia

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Milango ya vioo ya duka la magari bado imefungwa, mfagiaji ndiyo kwanza anapitisha kitambaa kwenye boneti la gari la maonyesho, na mwanamke wa miaka thelathini na nane ameshakaa mezani kwake, mkoba ungali begani. Koti hajavua. Anawasha kompyuta huku akiigongagonga meza kwa kucha, kama vile mashine hiyo ina masikio na ikisikia itafanya haraka.

Orodha inafunguka. Ina oda ishirini na saba, na mbele ya kila oda kuna maelezo mafupi kutoka kiwandani: imepokelewa, imepangiwa wiki, imeundwa, iko melini. Macho yake yanashuka moja kwa moja hadi mstari wa kumi na moja.

“Iko melini,” anasoma kwa sauti, kisha anaachia msonyo mrefu. “Iko melini jana, iko melini juzi. Meli yenyewe imetia nanga nje ya bandari tangu Jumamosi. Sasa si bora ingekuwa huko mbali nikajua moja?”

Anaondoka kwenye kiti, anakwenda dirishani, anarudi. Chai aliyomiminiwa inapoa. Leo ni Jumatatu, na leseni ya mwenye gari lile inaisha Ijumaa ya wiki ijayo. Haitahuishwa tena.

Kazi yake ni kuuza magari mapya, na hasa gari moja kubwa la siti saba ambalo watu wamelipenda kufa. Yeye mwenyewe anakuja kazini kwa miguu. Huko nyuma mteja alikuwa akilipa kianzio, anachagua rangi na viti, na baada ya miezi minne anakabidhiwa funguo huku akipigwa picha. Kisha kiwanda kikaanza kukosa kifaa kimoja kidogo, hakizidi ukucha wa kidole gumba, kinachoongoza taa na milango. Bila hicho gari haliwaki. Miezi minne ikawa sita, sita ikawa minane.

Katika oda zake ishirini na saba za mwaka huu, magari yaliyofika ni manne tu. Kamisheni hulipwa siku gari linapotoka getini, kwa hiyo robo tatu ya kipato alichokizoea imekwama huko huko kiwandani. Lakini akihesabu shida zake, hiyo haanzi nayo. Anaanza na simu.

“Asubuhi napokea simu kumi na tano kabla sijala kitu,” anasema. “Mwingine anatukana, mwingine analia. Kuna mmoja alinipigia akiwa harusini kwake. Kweli kabisa, nasikia vigelegele nyuma yake, yeye ananiuliza gari limefika wapi.”

Kwa kuwa alizoea kuwajibu wote kwamba bado wiki mbili, wateja wamempachika jina: Bi Wiki Mbili. Jina limemfuata mpaka nyumbani. Mumewe, fundi wa majokofu, akiulizwa na watoto chakula kitaiva lini, huwaambia wamuulize mama yao, nao wanaitikia kwa pamoja, “Wiki mbili!” Siku za mwanzo alikuwa anacheka. Siku hizi anainuka na kwenda kukoroga sufuria ambayo haihitaji kukorogwa.

Mwenye ile oda ya mstari wa kumi na moja ni mzee wa miaka sitini na sita ambaye madereva wenzake humwita Mzee Gia. Ameendesha miaka arobaini na mmoja: malori ya saruji, mabasi ya kampuni, na mwishowe gari la bosi mmoja hadi mwingine. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki hata pikipiki. Alipolipwa kiinua mgongo, watoto wake wakachangia, na siku aliyoingia dukani akiwa na shati lililopigwa pasi likasimama wima, hakuuliza bei kwanza. Aliuliza siti.

“Kwangu tuko saba,” alimwambia Bi Wiki Mbili. “Mimi na mama yenu, binti yangu na mumewe, na wajukuu watatu. Nimebeba familia za watu mpaka nimezeeka. Sasa nataka kubeba ya kwangu, wote, bila mtu kupakatwa.”

Akachagua rangi ya kijivu. Mwezi wa pili wa kusubiri akarudi akiwa hana raha, akasema amebadili mawazo, anataka jeupe. Sababu hakuisema. Bi Wiki Mbili alikuwa na simu sikioni na wateja wawili wamesimama mbele yake. Alifungua oda, akabonyeza rangi nyeupe, na kijisanduku kikatokea kwenye kioo kikimuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo bila kukisoma.

Hapo ndipo alipoharibu. Kila muuza magari anaijua kanuni hii kama anavyolijua jina lake: oda ikishapangiwa wiki ya kuundwa, usiiguse. Ukiigusa, hata kwa kubadili zulia la miguuni, kiwanda kinaihesabu kuwa oda mpya na kuitupa mkiani mwa foleni. Oda ya Mzee Gia ilikuwa imepangiwa wiki siku mbili tu kabla. Bi Wiki Mbili aligundua jioni ile ile.

“Nilipigia kiwanda simu, nikaandika, nikaomba. Wakasema haiwezekani,” anakumbuka. “Miezi mitatu na nusu nimemchomea mtu kwa kidole kimoja.”

Hakumwambia. Mzee alipopiga simu, naye alikuwa akipiga kila siku saa nne kamili, alimjibu kwamba kiwanda kimechelewa. Uongo wa namna hiyo ni mtamu kwa sababu kwa wateja wengine ishirini na sita ulikuwa kweli tupu. Ilikwenda hivyo kwa wiki tano.

Kisha siku moja mzee akaja mwenyewe, akiongozwa na binti yake mwalimu. Alitoa barua ya hospitali ya macho, akaiweka mezani, akainyoosha kwa viganja. Macho yanafifia kutoka pembeni, na hakuna dawa ya kuyarudisha. Daktari amemruhusu kuendesha mchana tu, hadi leseni itakapoisha. Baada ya hapo basi.

“Lile la kijivu lenu hapo nje niliwahi kulipita bila kuliona, nikajigonga goti,” alisema mzee. “Ndiyo maana nikataka jeupe. Sikutaka kukusumbua na habari za macho yangu, binti yangu. Lakini sasa nakuuliza kama baba: litawahi?”

Bi Wiki Mbili aliomba radhi, akaenda chooni, akafungua bomba ili asisikike. Alilia mpaka kichwa kikamgonga. Aliporudi alipiga moyo konde akayasema yote: rangi, kijisanduku, foleni, wiki tano za kudanganya. Binti wa mzee alishika mdomo. Mfagiaji aliacha kufagia. Mzee mwenyewe aliivuta barua karibu yake.

“Katika miaka arobaini na mmoja nimegonga mara mbili,” alisema. “Mara zote mbili nilishuka palepale, nikaenda mwenyewe kusema, ni mimi. Wewe umechukua wiki tano kushuka garini.”

Akakunja barua yake, akaondoka bila kuaga.

“Afadhali angenitukana,” anasema Bi Wiki Mbili. “Matusi nimeyazoea. Lile neno nalala nalo, naamka nalo. Na saa nne yangu ikawa inafika, simu kimya. Unaamini? Ile simu niliyokuwa naiona kero, nikawa naiangalia kama mtu aliyeachwa na mchumba.”

Meneja, mtu asiyependa makelele, alikuja na suluhisho lake: mzee apewe gari la majaribio kwa siku nzima, aipakie familia, azunguke nalo mji. Bi Wiki Mbili alilipeleka wazo hilo nyumbani kwa mzee yeye mwenyewe. Alikaribishwa, akapewa kiti na maji, akasikilizwa hadi mwisho.

“Mshukuru bosi wako,” mzee alimjibu. “Ila gari la watu nimeshaendesha. Limenitosha.”

Kesho yake Bi Wiki Mbili alianza kuwapigia simu wateja wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, safari hii yeye akiwa ndiye mwombaji. Alitafuta mwenye gari la aina hiyo hiyo ambalo limeshaundwa, aliye tayari kubadilishana nafasi na mzee. Wa kwanza alimkatia simu. Wa pili alimcheka. Wa sita, mwenye nyumba ya wageni aliyeagiza magari mawili, alimsikiliza huku akila.

“Nikikubali nasubiri tena miezi mingapi?” aliuliza.

“Mitatu. Pengine minne.” Alijikaza asitaje wiki mbili.

“Leo umesema kweli, hata naogopa,” alisema yule bwana. “Haya, mpe mzee moja. Ila uje unisafishie jina kwa mke wangu, maana yeye ndiye niliyemwahidi.”

Alikwenda. Anasema kukutana na mke huyo kulimtoa jasho kuliko kiwanda.

Tatizo lilibaki moja. Gari lililopatikana lilikuwa la kijivu. Alimpigia mzee akiwa na hofu, akamweleza huku akisubiri kelele.

“Nikishakaa kwenye usukani, rangi nitaionea wapi?” mzee alimjibu. Na kesho yake, saa nne kamili, simu ikalia.

Sasa vita ni vya siku. Kwa kawaida gari likishushwa bandarini husafirishwa hadi dukani, hukaguliwa na mafundi, hupigwa msasa wa mwisho, na mteja huitwa baada ya siku tisa. Siku tisa hizo hazipo. Bi Wiki Mbili amekwisha kuandaa bima, usajili na namba kabla gari halijakanyaga ardhi. Fundi mkuu wa duka, ambaye kwa miaka sita hajawahi kukubali jambo lolote kwa mara ya kwanza, amekubali kwenda na zana zake kulikagulia bandarini. Meneja ametia saini, akisisitiza kuwa hataki kuona jambo hili likigeuzwa desturi.

Saa tatu sasa. Milango imefunguliwa, wateja wameanza kuingia, na mwanamke huyu bado hajakaa dakika tano mfululizo. Anampigia wakala wa forodha, kwa mara ya tatu tangu aamke. Wakala anamwambia kuna meli mbili mbele. Zikishushwa haraka, yao itaingia gatini Jumatano ya wiki ijayo. Zisiposhushwa haraka, Jumamosi.

Jumatano mzee ataendesha. Jumamosi atakuwa abiria.

Saa nne kamili simu inalia. Anaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza, na safari hii hapambi neno. Anamwambia mzee yote mawili, Jumatano na Jumamosi. Upande wa pili kunasikika kikohozi, kisha sauti tulivu.

“Sawa, binti yangu. Ikiwa Jumatano, nitawapakia wote, nitawarudisha nyumbani mchana kweupe, na Ijumaa nitampa binti yangu funguo. Kila jioni ya maisha yangu nimekabidhi funguo za watu. Nataka nikabidhi zangu mara moja.”

Mzee anakata simu. Bi Wiki Mbili anabaki ameishika. Ameomba ruhusa ya Jumatano hiyo, anasema, na amemwambia fundi mkuu kwamba funguo atazibeba yeye, asiziguse mtu mwingine.

“Meli ikichelewa nitakwenda vilevile,” anasema. “Nitasimama pale geti la bandari naye tuitazame ilipo. Safari hii nikiwa na habari mbaya, nitashuka siku ile ile.”

Kisha anavua koti.