Tamthilia Iliyosikilizwa hadi Mwisho

Harufu ya nywele za bandia zikichomwa ncha kwa kiberiti hunirudisha saluni ya mama yangu, eneo la Point karibu na bandari, mwaka niliotimiza miaka kumi na kujiona msomi kuliko shule nzima. Ghorofani juu yetu aliishi Madamu Ana, mjane Mkroatia. Marehemu mumewe alikuwa karani katika ofisi ya meli bandarini na, kabla ya hapo, huko kwao, mwandishi wa tamthilia za majaribio. Alivunja kanuni za jukwaa mapema kuliko wenzake. Wao wakapata sifa, yeye akapata kumbi zilizobaki tupu kabla pazia halijashuka. Mjane huyo alikuwa karibu kuhamia kwa mwanawe Johannesburg, na alitaka jambo moja tu: tamthilia ya mumewe isikilizwe na watu, hata mara moja, hadi mwisho.

Mama alimwambia aje Jumamosi, maana mteja anayesukwa hana pa kukimbilia. Madamu Ana akaisoma kwa Kiingereza, tafsiri yake mwenyewe, nami nikafuatia kwa Kiswahili chetu cha Kongo, kwa madaha yasiyo na kiasi. Mume amesimama mlangoni anaomba afunguliwe. Mkewe anamjibu kwamba mlango uko wazi. Mume anaomba tena. Hivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Mama Furaha, muuza simu wa jirani, akainuka aende zake.

"Utaenda wapi na kichwa nusu?" mama akamuuliza. "Eish, kaa."

Akakaa, amenuna. Mume alipoomba tena, Mama Furaha akamjibu yeye mwenyewe: "Papa, ingia basi. Ao unangoja tukubebe? Bwana yangu naye iko vile vile."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Tangu hapo kila ombi lilipata jibu, moja kali kuliko jingine, hadi ukurasa wa mwisho. Mume alikuwa bado nje, na Mama Furaha, aliyekwisha kusukwa kitambo, alikuwa bado ndani.

Madamu Ana alifuta miwani yake. "Miaka yote hii," alisema, "nilidhani inahuzunisha."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile sijui nani alimponya nani, maana sote tulikuwa wageni katika nchi ile. Sasa nafundisha fasihi, na marehemu mwandishi yule ameanza kutajwa. Mwaka jana nilihudhuria kongamano ambapo wataalamu walibishania nafasi yake miongoni mwa watangulizi wa tamthilia za majaribio, kwa nyuso za matanga. Kipande cha tamthilia ile kiliposomwa, nilicheka peke yangu. Profesa aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, kwa upole, kwamba ningemwelewa zaidi kama ningesoma nadharia. Nikamshukuru, nikaendelea kucheka.